Plei ya meno ya gia: tafuta kwanza panapobana

Msimu wa ufuta ukikaribia, mashine za kukamua mafuta zinafunguliwa harakaharaka huku Lindi, na swali la kwanza kuhusu giaboksi ni lilelile: plei yake ikoje? Fundi anashika gia kubwa kwa mikono miwili, anaitikisa, anasikiliza, anatoa hukumu. Mkono unajua kwamba plei ipo. Haujui ni kiasi gani, wala kama iko sawa kuzunguka gia nzima. Gia inayocheza vizuri upande mmoja inaweza kuwa imebana upande wa pili kiasi cha kukamua mafuta yote kwenye meno, na ule upande uliobana ndio utakaoiua.

Plei ni mwanya unaobaki nyuma ya jino wakati ubavu wake wa mbele umegusana na jino la gia ya pili. Lazima uwepo. Mafuta yanahitaji pa kukaa, chuma kikipanuka kwa joto kinahitaji pa kwenda, na makosa madogo ya uchongaji yanahitaji kusamehewa. Mwanya ukiisha, jino linabanwa pande mbili kwa wakati mmoja. Gia inalia, giaboksi inachemka, na beringi ndizo zinazotangulia kufa kwa sababu shafti mbili zinasukumana ziachane. Mwenye mashine anabadilisha beringi, baada ya wiki chache zinakufa tena, na lawama inaangukia beringi feki.

Kiasi kinachotakiwa kinatoka kwenye kitabu cha mashine. Kitabu kisipokuwepo, tafuta moduli, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa jino. Tuseme giaboksi ya mashine ya ufuta ina pinioni, ile gia ndogo, ya meno 18 na gia kubwa ya meno 72. Pima kwa venia, ile rula yenye taya, kipenyo cha nje cha gia kubwa, kutoka ncha ya jino hadi ncha ya jino lililoelekeana nalo. Ukipata milimita 296, gawanya kwa idadi ya meno ukishaongeza mbili: 296 kwa 74 ni 4. Hiyo ndiyo moduli. Kanuni ya karakana kwa gia za kawaida zenye meno yaliyonyooka ni kuzidisha moduli kwa 0.03 hadi 0.05, kwa hiyo hapa plei iwe kati ya milimita 0.12 na 0.20. Ukipata moduli ya ajabuajabu kama 4.23, gia hiyo imechongwa kwa inchi. Usikubali kuuziwa pinioni ya moduli 4 uiendeshe nayo. Zitaingiana kwa mkono, lakini hazitadumu.

Kabla ya kugusa kipimo chochote, zima umeme, toa fyuzi ukae nayo mfukoni, vua mkanda wa mota. Kisha osha meno mpaka chuma kionekane. Kwenye mashine za korosho kazi hii ni ngumu kuliko inavyosikika, maana yale mafuta ya ganda yakikaa karibu na joto yanakauka kama vanishi na kuacha ngozi nyeusi inayong'aa kwenye mashina ya meno. Ngozi hiyo ina unene, nawe utaipima ukidhani ni chuma. Iloweshe kwa mafuta ya taa, isugue kwa brashi ya waya, ifute kwa kitambaa. Vaa glavu, maana mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi ya binadamu vilevile.

Sasa beringi. Hapa ndipo vipimo vingi vinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Plei ya meno inategemea umbali kati ya shafti mbili, na umbali huo unashikiliwa na beringi. Kwa gia za kawaida za nyuzi 20 (huo ni mwinamo wa ubavu wa jino), shafti zikisogeleana au kuachana kwa kiasi fulani, plei inabadilika kwa kiasi hicho mara 0.73. Kwa gia za zamani za nyuzi 14.5 ni mara 0.52. Beringi iliyolegea kwa 0.10 inakupa tofauti ya plei ya 0.07, na ukikumbuka kwamba uwanja wetu wote ni kati ya 0.12 na 0.20, utaona beringi moja inavyoweza kuumeza karibu wote.

Kuna njia nyepesi ya kuifichua. Pima plei huku msaidizi akisukuma shafti ya gia kubwa kuelekea pinioni, kwa mtaimbo mfupi uliotangulizwa kipande cha mbao. Pima tena jino lilelile huku akiivuta iachane na pinioni. Tofauti ya vipimo viwili igawe kwa 0.73, jibu ndilo ulegevu wa beringi. Ukipata 0.03 au 0.04, endelea. Ukipata 0.15, acha kupima meno, kabadilishe beringi kwanza, kwa sababu namba yoyote utakayoandika leo haitakuwepo kesho. Na ujue kwamba mzigo ukiingia, meno yenyewe yanasukuma shafti ziachane. Beringi iliyochoka inaonyesha plei ndogo mashine ikiwa imesimama na kubwa ikiwa kazini.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni saa ya kupimia, ile mafundi wengi wanaiita dayo geji, yenye mgawanyo wa 0.01. Inakaa kwenye mguu wa sumaku. Pinioni inafungwa isitikisike kabisa, kwa kabari ya mbao au spana iliyoegeshwa kwenye boksi. Ncha ya saa inagusa ubavu wa jino la gia kubwa, katikati ya urefu wa jino kutoka shina hadi ncha, na ule mti wa saa ulale kwenye mwelekeo ambao jino litasogea. Ukiulaza pembeni kwa nyuzi 30, saa itakusomea pungufu kwa asilimia 13: plei ya 0.20 itaonekana 0.17. Bonyeza saa kwanza hadi mshale upite kama milimita moja, ili iwe na nafasi ya kusoma kwenda na kurudi. Geuza uso wa saa sifuri ikae chini ya mshale. Kisha tikisa gia kubwa kwa vidole, polepole, hadi iguse huku na iguse kule. Usikaze. Ukikaza utapima kunepa kwa shafti. Fanya mara tatu kwenye jino hilohilo. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya 0.02, kuna kitu kinatembea, na mara nyingi ni mguu wa sumaku uliokalia rangi au kutu.

Mahali ambapo jino halifikiki kwa sababu boksi limefungwa, funga mkono wa chuma kwenye shafti ya gia kubwa usome mwishoni mwake. Kama saa inagusa mkono milimita 360 kutoka katikati ya shafti, na nusu kipenyo cha gia kwenye mstari wa kukutana ni 144 (moduli 4 mara meno 72, gawa kwa mbili), plei halisi ni kipimo chako mara 144, gawa kwa 360. Saa ikisema 0.45, plei ni 0.18. Mkono ukiwa mrefu zaidi usomaji unakuwa rahisi, ila hakikisha haunepi. Kwa gia zenye meno ya kulala, zuia pia shafti isiteleze kwa urefu. Meno yaliyolala kwa nyuzi 15, shafti ikiteleza 0.10, inakuongezea karibu 0.03 ya uongo.

Jino moja halitoshi. Weka alama ya chaki kila robo ya gia kubwa, pima kwenye alama nne, andika zote. Tuseme umepata 0.19, 0.16, 0.12, 0.15. Namba inayotawala ni 0.12. Wastani haukusaidii, kwa sababu gia haizunguki kwenye wastani. Kila mzunguko inapita pale penye 0.12. Tofauti ya 0.07 kati ya panapolegea na panapobana inakwambia gia inayumba karibu 0.10 ukiweka saa kwenye mzunguko wake. Chanzo kinaweza kuwa shimo la katikati lililotanuliwa vibaya na fundi wa leithi, shafti iliyopinda, au ufunguo wa shafti ulioingizwa kwa nyundo ukaisukuma gia upande mmoja.

Kwa meno 18 na 72, kila jino la pinioni linakutana na meno yaleyale manne maisha yote, kwa hiyo mzunguko mmoja wa gia kubwa unakuonyesha kila kitu. Ndiyo maana kwa gia za namna hii unapiga alama ya senta panchi kwenye meno yanayokutana kabla hujatenganisha. Ukirudisha pinioni ikiwa imeruka meno matano, ramani yote ya vipimo inabadilika. Gia za meno 17 na 70 ni habari nyingine. Inabidi gia kubwa izunguke mara 17 kabla ya jino lilelile kukutana tena na mwenzake. Hapo usitosheke na mzunguko mmoja. Zungusha mara kadhaa ukitikisa kila mara hadi upate ile sehemu iliyobana kuliko zote, uipime hiyo.

Fila geji, yaani seti ya bapa nyembamba za chuma zenye unene ulioandikwa, inafaa pale saa isipoingia. Sukuma gia ubavu mmoja uguse, ingiza bapa upande wa nyuma, katikati ya jino. Bapa sahihi linapita kwa ukinzani mdogo, kama kuvuta karatasi chini ya kitabu kizito. Linalofuata kwa unene lisiingie kabisa. Bapa linapima mwanya ukiwa umekaa mraba na ubavu wa jino, kwa hiyo ukitaka kulinganisha na saa gawanya kwa 0.94: bapa la 0.17 ni 0.18 ya saa. Udhaifu wake ni kwa gia iliyochakaa. Jino lililolika linakuwa na bonde katikati na kizingiti kwenye shina, na bapa lililonyooka linakalia vizingiti bila kugusa bonde. Utasoma plei ndogo kuliko iliyopo. Na kwa hewa yetu ya chumvi, kuanzia Mikindani hadi Kilwa, bapa lisilopakwa mafuta linaota vipele vya kutu ndani ya wiki. Kipele cha 0.02 kwenye bapa la 0.10 ni kosa la asilimia 20. Pima bapa lenyewe kwa maikromita kabla ya kuliamini.

Halafu kuna waya wa risasi, njia ya zamani ambayo kwa gia kubwa bado haijapata mpinzani. Chukua waya laini wa kulehemu nyaya za umeme, ule wenye risasi, maana ule usio na risasi ni mgumu na unasukuma shafti ziachane. Unene usizidi mara tatu ya plei unayoitarajia. Kata vipande vitatu vyenye urefu wa kufunika meno matatu au manne, vibandike kwa grisi kwenye meno ya gia kubwa: kimoja ukingo wa kulia, kimoja katikati, kimoja ukingo wa kushoto. Zungusha gia kwa mkono kwenda mbele tu hadi waya zitoke upande wa pili. Ukirudisha nyuma hata kidogo, tupa waya uanze upya.

Sasa ulaze waya mezani chini ya mwanga. Utaona umekuwa kama mnyororo: bapa jembamba, kisha uvimbe ambao haukuguswa sana, kisha bapa lingine nene kiasi, kisha uvimbe tena. Bapa jembamba ni pale ubavu unaobeba mzigo ulipogusana. Nene kidogo ni ubavu wa nyuma. Pima yote mawili ya jino moja kwa maikromita ujumlishe. Kama ni 0.04 na 0.13, mwanya ni 0.17. Ule uvimbe ni nafasi kati ya ncha ya jino na shina la mwenzake, ambayo kwa kawaida ni robo ya moduli. Kwa moduli 4 ni milimita moja. Uvimbe usipoguswa kabisa, nafasi ipo. Ukikuta nao umebonyezwa hadi 0.4, shafti zimekaribiana mno, hata kama plei ya mbavu inaonekana nzuri kwa sababu meno yamelika.

Faida kubwa ya waya ni vile vipande vitatu. Kulia 0.22, katikati 0.17, kushoto 0.12: shafti hazilingani, mzigo wote unabebwa na ukingo mmoja wa jino. Saa ya kupimia isingekwambia hilo kwa kipimo kimoja. Jino linalobeba ukingoni linavunjika kwa pembe, kipande kama nusu ya ukucha, na kipande hicho kinapita katikati ya meno mengine yote.

Joto ndilo linalowapoteza wengi. Kwenye ile giaboksi yetu, umbali kati ya shafti ni milimita 180. Gia zikiwa na joto la nyuzi 40 zaidi ya boksi lake, chuma kinapanuka karibu 0.09, na plei inapungua 0.06. Ukiwa umeiacha 0.12 asubuhi, saa saba mchana ina 0.06 huku kichwa cha kukamulia kikiendelea kupeleka moto kupitia shafti. Ndiyo sababu kwa mashine ya ufuta nashauri uelekee 0.18 kuliko 0.12.

Kwa pipa la kukaangia korosho linalozungushwa na gia ya duara lililofungwa mwilini mwake, hesabu ni kali zaidi. Tuseme gia ina kipenyo cha milimita 1,200 na inapanda nyuzi 60 juu ya msingi wake. Nusu kipenyo inakua 0.43, na plei inapungua 0.31. Fundi aliyeiweka 0.25 kwa fila geji pipa likiwa baridi, akijivunia kwamba haina kelele, ameifunga ikwame. Gia kama hiyo ya moduli 10, yenye kanuni ya 0.30 hadi 0.50, iwekwe juu ya 0.60 ikiwa baridi, ukipima pale panapobana. Na kama pinioni iko chini ya pipa, roli za kubebea zikilika pipa linashuka na kuikalia. Kila ukipima plei hapo, pima na nafasi ya ncha pia.

Kurekebisha kunategemea mashine. Pinioni iliyo kwenye kitako chake inasogezwa kwa shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kujazia. Kupunguza plei kwa 0.10, isogeze kuelekea gia kwa 0.14, pande zote mbili za kitako sawasawa, kisha upime upya alama zote nne baada ya kukaza bolti, siyo kabla. Boksi lililotobolewa mashimo ya beringi halina cha kusogeza. Hapo ni beringi mpya au gia mpya. Kosa ambalo ningependa likome ni kusogeza gia zilizochakaa ili kuua plei. Bonde lililolika linapotea kwenye kipimo, lakini vile vizingiti vya shina, ambavyo havikulika, sasa vinakutana na ncha. Gia iliyokuwa inagonga kwa upole inaanza kusaga. Kama inazunguka upande mmoja na mzigo wake hauyumbi, plei kubwa ya uchakavu inavumilika hadi upate gia mpya. Chunguza unene wa meno na nyufa za shina, uongeze uangalizi wa mafuta.

Difu ya gari ni ndugu wa jambo hili, ila ana tabia zake. Malori yanayoshusha korosho kutoka Newala na Tandahimba yanateremka uwanda wa Makonde kwa kubanwa na injini, na kwenye mteremko mzigo unahamia ubavu wa nyuma wa meno ya krauni, ile gia kubwa ya difu. Pande zote mbili zinalika. Dereva anasikia "ko!" kila anapoachia mafuta na kukanyaga tena. Anza na krosi za propela (viungo vya shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), maana mlio ni uleule. Usipime plei ya difu kwa kutikisa propela. Utajumlisha gia ndogo za ndani na spilaini zote. Pima kwenye jino la krauni lenyewe, saa ikigusa mwisho wa nje wa jino, sehemu nne. Pikapu nyingi zinataka 0.13 hadi 0.18, malori makubwa mengi yanaanzia 0.20 na kuruhusu hadi 0.46. Kitabu cha gari ndicho hakimu.

Krauni inasogezwa kwa nati mbili za pembeni: legeza moja idadi fulani ya meno ya nati, kaza nyingine idadi ileile, ili mkazo wa beringi usibadilike. Mwendo wa mwisho uwe wa kukaza. Kisha paka rangi ya kupimia, nyembamba, kwenye meno sita hivi, zungusha huku msaidizi akizuia krauni kwa mbao, usome alama. Alama iliyokaa nje mwishoni mwa jino inataka krauni isogee kwa pinioni. Iliyokaa ndani inataka iachane. Alama iliyopanda kwenye ncha inataka pinioni iingie zaidi kwa shimu nene; iliyozama shinani inataka pinioni itoke. Ukigusa pinioni, plei imebadilika, rudi kwenye saa.

Boksi likishafungwa, liendeshe tupu dakika 30, kisha na mzigo hadi lipate joto lake la kazi. Zima, toa fyuzi, fungua kifuniko cha kuchungulia, upime tena pale penye alama ya chaki panapobana, kukiwa bado na moto. Kwenye kifuniko, kwa upande wa ndani, andika kwa kalamu ya rangi vipimo vinne vya baridi, kile kimoja cha moto, na tarehe. Fundi atakayefungua msimu ujao atapata pa kuanzia.